Ngamia wa Ennedi Waachwe Wanywe

Picha za Guelta d'Archei, dimbwi lililoko kwenye korongo la Ennedi nchini Chad, zikizunguka mitandaoni, maoni chini yake huwa ni yale yale. Watu wanaona mamia ya ngamia wamejazana kwenye maji meusi chini ya magenge marefu, na mara moja wanalalamika kwamba mifugo imeharibu chemchemi. Wapo wanaotaka wafugaji wahamishwe ili mamba waliomo wapate nafasi. Nadhani wanaisoma picha hiyo kichwa chini miguu juu.

Ennedi ni uwanda wa juu ulioko kaskazini-mashariki mwa Chad, ndani ya Sahara. Karibu wote ni jiwe la mchanga: mchanga uliotandazwa na maji tabaka juu ya tabaka, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, ukashikana hadi ukawa mwamba. Mito ya zamani iliuchanja ikaacha makorongo, upepo nao ukaendelea kuchonga minara, mapango na matao. Tao la Aloba lina upana wa mita zipatazo 77 na kimo kinachokaribia mita 120. Watalii watalisifu vya kutosha, mimi naliacha hapo.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi mwamba huo unavyotunza maji. Una vitundu vidogo vidogo na nyufa nyingi, kwa hiyo mvua chache za mwaka, hasa za Julai na Agosti, haziishii zote kwenye mchanga. Nyingine hupenya ndani, zikashuka taratibu, zikachomoza chini ya korongo ambako jua halifiki muda mrefu. Dimbwi la namna hiyo ndilo wanaloliita guelta. Lingekuwa mahali peupe, jua lingelimaliza.

Miaka elfu kadhaa iliyopita jangwa hili halikuwa jangwa. Kuanzia takribani miaka 11,000 hadi 5,000 iliyopita mvua za msimu za Afrika Magharibi zilifika mbali kaskazini, na Ziwa Chad lilikuwa bahari ndogo. Kwenye kuta za mapango ya Ennedi kuna michoro ya ng'ombe wengi, na wachoraji wake hawakuota ndoto, walichora walichokiona malishoni. Mvua zilipopungua, mito ikakatika, na mamba wakabaki wamefungiwa kwenye madimbwi machache. Wa Archei ni wachache sana leo.

Mamba hao si wale wa Mara au Rufiji. Mwaka 1807 mtaalamu wa Ufaransa, Geoffroy Saint-Hilaire, alisema kuna aina nyingine aliyoiita *suchus*, na kwa muda mrefu wenzake hawakumkubali. Mwaka 2011 uchunguzi wa DNA, ikiwemo ya mamba waliokaushwa na Wamisri wa kale, ulionyesha kwamba alikuwa sahihi. Wa Ennedi ni wadogo na wapole kiasi kwamba wachungaji huingia majini na ngamia wao bila wasiwasi mkubwa.

Sasa tuje kwenye ule weusi unaowaudhi watu. Ni kinyesi cha ngamia. Kinarutubisha maji, mwani unaota, samaki wanakula mwani, mamba wanakula samaki. Hakuna mto unaoleta chakula kutoka kwingine. Rutuba inaingia na ngamia. Ukimfukuza mfugaji utapata maji safi ya kupigia picha, lakini sijui huyo mamba utamlisha nini.

Sisemi mifugo haina madhara popote. Sisi wenyewe tumebishana vya kutosha kuhusu ng'ombe wa Wamaasai na Ngorongoro, na kila nyanda ina hesabu zake. Ila Ennedi haikupoteza simba wake kwa sababu ya ngamia, na kondoo-mwitu wa magengeni na swala dorcas hawakupungua kwa sababu hiyo tu. Bunduki, na baadaye magari ya kukimbiza wanyama jangwani, vina sehemu kubwa ya lawama.

UNESCO iliiorodhesha Ennedi mwaka 2016 kama urithi wa asili na wa utamaduni kwa pamoja, na nadhani hilo neno "pamoja" ndilo wengi wanaliruka. Mwaka 2018 shirika la uhifadhi la African Parks lilianza kusimamia eneo hilo kwa makubaliano na serikali ya Chad, na mbuni wa shingo nyekundu wamerudishwa huko kutoka Zakouma, hifadhi iliyoko kusini mwa nchi hiyo. Jambo jema. Fedha zikiongezeka, ningependa ziende kwanza kwa askari wa kuzuia majangili na kwa wachungaji Watoubou wanaojua ni dimbwi lipi linakauka mwezi gani, na wao wawemo katika kuamua nani anywe wapi kabla mtu hajapima kiwanja cha hoteli karibu na Archei.