Mimi na Mwisho wa Filamu Hatujuani

Kwa miaka minane nilijua Titanic ilifika New York salama.

Usicheke kwanza. Mwaka 1998 niliiona kwenye kibanda cha video pale Kondele, hapa Kisumu, kiingilio shilingi tano, tumebanana kwenye mabenchi kama omena kwenye gorogoro. Filamu yenyewe inapita saa tatu, kwa hivyo ilikuja kwa kaseti mbili. Mwenye kibanda alikuwa na ya kwanza. Ya pili aliikodisha jamaa mmoja wa Obunga, na jamaa wa Obunga akahamia Mombasa nayo. Kaseti yetu iliishia pale Jack anamchora Rose, wazee wa mbele wanakohoa na kuangalia viatu vyao, bahari imetulia kama uji uliopoa. Nikarudi nyumbani nimeridhika. Kijana maskini kampata msichana tajiri, kipaji anacho, meli inakwenda. Ulitaka nini zaidi?

Niliaibikia kazini. Mimi ni kinyozi, na kinyozi anatakiwa kujua kila kitu. Mteja akakaa, akalalamika kwamba biashara yake ya mitumba pale Kibuye imezama kama Titanic. Nami, mashine iko kisogoni, nikamuuliza, "Titanic gani hiyo iliyozama?" Alidhani natania. Alipoona sitanii akageuka ghafla, nikamchonga mstari ambao haukuwa kwenye mpango, akanieleza yote: mlima wa barafu, Aprili 1912, watu zaidi ya 1,500 wamekufa. Na Jack je? Na Jack pia. Nilimaliza kumnyoa kimya kimya. Ilikuwa kama kupigiwa simu kwamba mjomba uliyedhani yuko Kitale alizikwa zamani, na matanga yalishaanuliwa.

Basi mambo yangu na filamu ndiyo hayo. Mianzo yote ninayo kichwani. Miisho ndiyo sina. Stima itapotea, tokeni ya umeme itaisha, mteja atataka mpira, mtoto atajikwaa kwenye waya.

Chukua Sholay. Filamu ya Kihindi ya 1975, ndefu kiasi kwamba unaweza kubandika maharagwe inapoanza, yakaiva, ukayala, na Gabbar Singh bado anacheka. Amitabh Bachchan na mwenzake wakishindwa kuamua jambo, Amitabh anarusha sarafu. Niliipenda hekima hiyo. Stima ilipotea Gabbar hajakamatwa, lakini sarafu nikaondoka nayo, nikaiingiza hadi kwenye ndoa yangu. Nani ateke maji, nani aamke mtoto akilia usiku, twende mazishi ya upande gani: tunarusha. Mrushaji ni Mama Brayo. Mimi nashindwa tangu 2009. Juzi ndipo fundi cherehani jirani yangu, mzee aliyeiona hadi mwisho enzi zake, akaniambia Amitabh anakufa, na akishakufa ndipo mwenzake anagundua sarafu ile inafanana pande zote mbili. Nilimsikitikia Amitabh kama dakika mbili hivi. Kisha nikafunga duka mapema, nikaenda nyumbani kuomba kuiona ile shilingi ishirini ambayo Mama Brayo huiweka peke yake kwenye kikebe cha majani chai. Ina pande mbili, sikatai. Lakini alivyochelewa kuitoa!

Za Kinigeria sizizungumzii sana. Unatazama saa mbili nzima, mganga amewasha moto, mke mkubwa ametia sumu kwenye supu, mtu ananyanyua kijiko, na maandishi yanatokea: subiri sehemu ya pili. Sehemu ya pili nayo inakutuma kwa ya tatu. Aki na Ukwa ya 2002 ilimkasirisha marehemu mama kuliko zote. Aliapa angekuwa mzazi wa wale watoto wawili angewachapa mpaka wanyooke, na kwa kuwa wao hawakuwa karibu, mdogo wangu alikuwa karibu. Kumbe walioigiza, Chinedu Ikedieze na Osita Iheme, wote ni watu wazima wa kupiga kura. Mama hatukumwambia. Mdogo wangu ndiye bado hajasamehe.

Za mapigano naziweza kwa sababu ya DJ Afro. Huyu, kwa asiyemjua, huweka sauti yake juu ya filamu akakutafsiria kwa Kiswahili na Sheng, na hata yale ambayo mwigizaji hakusema anamsemea. Siku moja nikapata filamu niliyoizoea, lakini haina DJ Afro. Nilidhani TV imeharibika. Steringi, ambaye mimi nilimjua kama mtu wa maneno, mwenye kumpa adui mawaidha marefu kabla ya kumtandika, kumbe dakika arobaini nzima amesema "ndiyo" mara mbili na "aah" mara moja. Nikaizima. Afadhali nibaki na yule niliyemjua.

Kuna moja tu ambayo nilijua mwisho wake bila kuuona: The Ghost and the Darkness ya 1996, ile ya simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Wenzangu kibandani wameshika roho mkononi, mimi natafuna njugu. Reli hiyo si ndiyo ilikuja kufika hapa Kisumu mwaka 1901? Basi simba walishindwa. Wangeshinda, tungekuwa bado tunakwenda Nairobi kwa miguu. Kilichoniudhi ni kingine. Simba wetu, reli yetu, halafu filamu wakaenda kuipigia Afrika Kusini! Na simba wenyewe wana manyoya shingoni yamechanwa kama bwana harusi. Wale wa kweli, madume wote wawili, hawakuwa na manyoya ya shingo. Wako Chicago kwenye jumba la makumbusho, wamejazwa wakasimamishwa, mwenye nauli aende akawashike kichwa. Mambo mengine naweza kuyafumbia macho, lakini hii ni kazi yangu. Jambo la nywele siwezi kulinyamazia.

Zamani tulikuwa na Vitimbi, kipindi kifupi cha vichekesho kwenye TV, mwanzo na mwisho ndani ya sufuria moja. Mzee Ojwang' akiingia na kile Kiswahili chake cha Kijaluo, baba alikuwa anasimamisha tonge hewani. Baba aliapa anamjua hadi boma lao, upande wa Gem, akataja na shamba la mihogo lililo karibu. Sasa Mzee Ojwang' jina lake halisi alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Gazeti lilipoandika hivyo, baba alilikunja taratibu akasema wameanza kuandika uongo, na tangu siku hiyo likawa la kufungia samaki.

Nyumbani kwangu rimoti si yangu. Mama Brayo ni mtu wa michezo ya Mexico, ile ambayo midomo ya watu hufunga kabla maneno hayajaisha. Kila ukiinua macho kuna mtu hospitalini amesahau jina lake, na daktari anayemtibu ndiye baba yake mzazi. Kuna mmoja wa 1979 ambao jina lake lina maana ya matajiri nao hulia. Sikatai, walie. Lakini wao wakilia wanapigiwa piano. Mimi Januari hii nililia mbele ya karatasi ya karo, peke yangu, sikusikia hata filimbi.

Mwaka 2018 nilisema, hii sasa sikosi. Lupita Nyong'o ni binti wa huku, baba yake ndiye alikuwa gavana wetu, na mwezi Februari Black Panther, filamu aliyoigiza, ikazinduliwa hapa hapa Kisumu. Ilizinduliwa kwa wenye kadi. Mimi niliipata kwenye flashi ya mteja, imenaswa na mtu aliyekaa ndani ya sinema na kamera mapajani. Kwa hivyo Wakanda yote niliitazama katikati ya mabega mawili. Hata hivyo nilifurahi. Watu weusi wanazungumza Kixhosa bila kuomba radhi, ndege inatua bila vumbi, nikasahau kodi ya duka. Kisha ikaja ile vita ya mwisho, mfalme na binamu yake chini mgodini, na mama mmoja wa safu ya mbele, mwenye kilemba cha Jumapili, akasimama. Akatafuta mkoba. Akatafuta kiatu. Alipokaa, binamu alikuwa anakata roho na jua linatua. Mama huyo sijui ni wa nchi gani, lakini namdai.

Jumapili iliyopita, basi, wakatangaza Titanic. Yote, kwa mkupuo mmoja. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kusikiliza kesi ya shamba. Tokeni ya shilingi mia mbili. Njugu za kukaanga. Brayo na dada yake nikawapeleka kwa shangazi yao. Kwenye mlango wa duka nikabandika karatasi: TUMEFUNGA, TUNA MSIBA. Si uongo kabisa.

Nikavuka pale Jack anapomchora Rose, mahali ambapo macho yangu hayajawahi kupita. Mlima wa barafu ukatokea. Meli ikapasuka, sahani zikamwagika, wapiga fidla wakakataa kuacha kazi. Rose akapanda juu ya ubao, Jack akabaki majini. Hapo Mama Brayo akaanza: ubao ule unatosha watu wawili, hata watatu wakikunja miguu, maana kwao walilala wanne kitanda kimoja na hakuna aliyekufa. Nikamwambia wateja wangu wameshanieleza: James Cameron mwenyewe, aliyeitengeneza, alisumbuliwa na swali hilo mpaka mwaka 2023 akaonyesha majaribio yake, watu halisi ndani ya maji baridi, akakubali kwamba huenda Jack angepona.

"Huenda?" akasema. "Si angeniuliza mimi?"

Tukasikia hodi.

Sauti ile naijua. Ni mama mkwe, ametoka Yala, amepita kutusalimia kabla hajaenda kulala kwa dada yake Nyamasaria, kuku kwapani. Sasa, kwetu mkwe hakai kutazamana na mama mkwe kwenye sebule ya futi kumi kwa kumi, tena mbele ya watu wanaoshikana mikono na kuambiana mapenzi. Nikasimama, macho chini. "Karibu sana, mama."

"Asante, baba. Kaa tu, usihangaike."

Hilo ni neno la adabu, na adabu yake ni mimi kutoka. Nikapokea kuku nikatoka naye. Nikasimama chini ya dirisha, pazia limevutwa, nasikia maji na mtu anatetemeka meno.

"Huyu kijana mbona yuko ndani ya maji?" mama akauliza.

"Wamesema ubao hautoshi, mama."

"Nani amesema? Ule si mkubwa?"

"Hata mimi nimesema hivyo hivyo."

Kuku akajipinda, nikamshika miguu. Ndani kukawa kimya kirefu.

"Sasa amelala?"

"Amekufa, mama."

"Maskini, mtoto wa watu." Akavuta pumzi. "Na Baba Brayo amekwenda wapi na kuku wangu?"

"Niko hapa nje, mama," nikasema, kisha nikalibana domo la kuku ili nisikie kama yule msichana aliokolewa.