Ubongo unasukumika kuliko unavyosomeka

Mtu ameketi kitini, kiganja kimelala pajani. Mtafiti anamwekea kichwani koili ya waya yenye umbo la namba nane, anaisogeza taratibu kati ya utosi na sikio la kushoto. Inalia "tak!" na dole gumba la mkono wa kulia linaruka. Mwenye dole hakulituma. Umeme uliopita kwenye koili kufumba na kufumbua umezaa nguvu ya sumaku, nayo ikapenya fuvu na kuamsha umeme ndani ya ubongo. Anthony Barker na wenzake walilionyesha jambo hili Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Sasa mwulize mtafiti huyo mtu wake anawaza nini. Atakwambia umwulize mwenyewe.

Wanaoishangilia sayansi hii na wanaoiogopa wana kosa moja: hudhani anayeweza kuusukuma ubongo ameshausoma.

Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, akakaa nao kimya hadi 1929 alipouchapisha. (Alichokuwa akikisaka ni namna watu wanavyopelekeana mawazo bila kusema. Hicho hakukipata.) Kipimo chake, EEG, kinatumika hospitalini hadi leo, hasa kwa kifafa. Kina wepesi wa ajabu, kinafuata mabadiliko ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ila umeme unaofika kwenye ngozi ya kichwa ni makumi tu ya sehemu za milioni za volti, tena umeshachanganyika. Fuvu hupitisha vurumai, halipitishi maneno.

fMRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, huonyesha mahali vizuri zaidi, lakini haipimi mawazo wala umeme. Inapima oksijeni kwenye damu, na damu huchelewa sekunde kadhaa. Ubongo hugawanywa vijisehemu maelfu kwa maelfu, na ukivipima vyote kwa mpigo, vingine vitawaka kwa bahati tu. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyomlaza samaki aliyekufa kwenye mashine hiyo, wakamwonyesha picha za watu na kumtaka atambue hisia zao. Kabla ya kurekebisha hesabu, ubongo wake ulionekana kufanya kazi. Tangu nilipoisoma habari hiyo, kila nionapo picha ya ubongo yenye madoa mekundu namkumbuka samaki yule.

Hata hivyo, wanaosema usomaji wa mawazo unakaribia si wazushi. Mwaka 2023 maabara ya Alexander Huth, Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, ilitoa kiini cha hadithi alizokuwa akizisikiliza mtu, kwa kutumia fMRI na programu ya lugha. Ni kazi nzito. Lakini kila mshiriki alilala kwenye mashine akisikiliza hadithi kwa saa 16 ili programu imjue, na iliyomzoea mmoja haikumfaa mwingine. Isitoshe, aliyeamua kujisimulia habari nyingine kimoyomoyo aliivuruga.

Kwenye kusukuma, mambo ni tofauti. Mwaka 1987 daktari Alim-Louis Benabid, Grenoble, Ufaransa, alionyesha kuwa elektrodi (kijiwaya cha kupitisha umeme) iliyozamishwa ubongoni, ikipiga zaidi ya mara 100 kwa sekunde, hutuliza mkono unaotetemeka. Leo tiba hiyo imewarudishia wagonjwa wengi wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka, uwezo wa kushika kikombe, huku wataalamu wakiendelea kubishana inafanyaje kazi. Ubishi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1963 mtafiti wa ubongo José Delgado alimsimamisha fahali aliyekuwa akimjia mbio kwenye uwanja wa Córdoba, Hispania, kwa kubonyeza kitufe cha redio kilichoamsha elektrodi ubongoni mwa mnyama huyo. Yeye alidai amezima hasira. Wakosoaji wakasema amemlazimisha mnyama kugeuka tu. Fahali alisimama kweli, lakini tendo lake peke yake haliwezi kutuambia nani alikuwa sahihi.

Kwa hiyo sheria zinahitajika? Chile iliuingiza ulinzi wa shughuli za ubongo kwenye katiba mwaka 2021, na mwaka 2023 Mahakama yake ya Juu iliiamuru kampuni moja ya vifaa vya EEG kufuta data za ubongo za aliyekuwa seneta. Wapinzani wanasema ni mapema mno kwa sheria mpya, kwa kuwa vifaa hivyo havijui kitu. Nakubali kwamba havijui kitu, nakataa hitimisho lao. Kipimo kibovu mikononi mwa mwajiri hakihitaji kuwa sahihi ili kimkoseshe mtu kazi. Kipima uongo kinapima jasho, pumzi na mapigo ya moyo, uongo hakiujui. Marekani ilipowazuia waajiri wengi binafsi kukitumia kwa wafanyakazi wao, ilikuwa tayari 1988, zaidi ya miaka 60 tangu kibuniwe.