Git ni ya wote, mazungumzo yetu yako kwa nani?

Tarehe 29 Machi 2024, mprograma Andres Freund alitangaza kwamba ndani ya xz, programu ya kubana data inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, kuna mlango wa siri uliopenyezwa kwa makusudi. Aliushtukia baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Muda si muda GitHub, jukwaa la mtandaoni ambako mradi huo ulikaa, ikaifunga hazina yake, yaani ghala la msimbo na historia ya mabadiliko yake. Sababu ilikuwepo: nani angetaka matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, yenye mlango huo, yaendelee kusambaa? Lakini wachunguzi nao walijikuta wamefungiwa nje. Msimbo na historia yake haukuwa tatizo, kwa kuwa kila aliyewahi kuinakili hazina kwa Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, alikuwa nayo kamili. Yaliyofungiwa ndani ni majibizano: nani aliomba badiliko gani, nani alilipitisha, kwa maneno gani. Katika kisa hiki majibizano ni ushahidi, maana aliyejiita Jia Tan alijijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili kabla ya kuonyesha alichokuwa anakitafuta.

Hazina ilifunguliwa baadaye. Kilichonibakia mimi ni swali la mahali pa kukaa: mradi wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, ukae kwenye jukwaa kubwa la kampuni, au ujitunzie wenyewe?

Git ilizaliwa kutokana na swali hilihili. Kuanzia 2002 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na wenzake walitunza kiini cha Linux kwa BitKeeper, mfumo wa kampuni binafsi. Kampuni iliwaruhusu wautumie bure kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba anayeutumia asitengeneze mfumo wa kushindana nao. Wengi walinung'unika tangu mwanzo. Mwaka 2005, baada ya Andrew Tridgell kuandika programu ya kuzungumza na seva za BitKeeper, ruhusa ile ya bure iliondolewa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mradi mkubwa kuliko yote ya programu huria ulibaki bila cha kujisitiri. Torvalds alianza kuandika Git mwanzoni mwa Aprili, na Juni mwaka huohuo toleo la 2.6.12 la Linux lilitoka likiwa limetunzwa kwa Git. Matt Mackall naye alianza Mercurial, mfumo mwingine wa kazi hiyohiyo, Aprili ileile, kwa sababu ileile.

Kilichokuwa kigeni kwa waliozoea mifumo ya zamani kama CVS au Subversion ni kwamba katika mifumo hii mipya hakuna seva iliyo bwana. Katika Subversion historia hukaa kwenye seva; wewe unachukua nakala ya kufanyia kazi, na seva ikizimika huwezi hata kuweka badiliko. Katika Git kila nakala ina historia nzima, kuanzia komiti ya kwanza, yaani badiliko la kwanza lililohifadhiwa pamoja na maelezo yake. Hakuna anayeweza kukunyang'anya.

Kisha ikaja GitHub mwaka 2008, na tukarudi wenyewe kwenye seva moja.

Nasema hivyo bila dharau, kwa sababu waliorudi walikuwa na hoja nzito. Python, lugha ya kuandikia programu, ilihama kutoka Mercurial iliyokuwa kwenye seva zake yenyewe ikaenda GitHub mwaka 2017, na mwaka 2022 hata ripoti zake za hitilafu zikahamia huko. Huo si mradi wa watu wasiojua kuendesha seva. Waliangalia walipo wachangiaji. Anayetaka kurekebisha kosa la tahajia kwenye nyaraka hatafungua akaunti mpya na kujifunza utaratibu mpya kwa ajili ya mstari mmoja. Akikuta mradi mahali alipo tayari, atatuma. Kati ya mamia wanaotuma mstari mmoja, wawili watatu hubaki na kuwa watunzaji wa kesho. Mradi usiopata watu hao unakufa, hata kama historia yake ni salama kiasi gani. Kuna pia mashine za kujaribia msimbo ambazo jukwaa hutoa bure kwa miradi iliyo wazi. Mtunzaji anayefanya kazi hii usiku baada ya ajira yake hawezi kuzilipia.

Upande wa pili una hoja ambazo haziwezi kupuuzwa pia. Jukwaa ni la kampuni, na kampuni iko chini ya sheria za nchi yake. Mwaka 2019 waprograma wa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamewekewa mipaka kwenye GitHub kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Kwa Iran ruhusa ilipatikana Januari 2021. Oktoba 2020 youtube-dl iliondolewa kufuatia malalamiko ya chama cha wenye kampuni za muziki, ikarudishwa mwezi uliofuata. Kampuni pia hubadili mawazo. Google Code, jukwaa la Google la kazi hiyohiyo, ilifungwa mwaka 2016. Bitbucket, jukwaa jingine lililoanza kama makao ya miradi ya Mercurial, iliacha kuihudumia mwaka 2020. Na GitHub yenyewe ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, bila watunzaji wa miradi iliyomo kuulizwa.

Waliochagua kujitunza wapo. GNOME na Debian, miradi mikubwa ya ulimwengu wa Linux, walihamia mwaka 2018 kwenye seva za GitLab, programu inayofanana na GitHub, wanazoziendesha wenyewe. Kiini cha Linux bado kinapokea viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, kwa barua pepe. Lakini uhuru huo una jasho lake: seva inataka kusasishwa, kulindwa na kulipiwa. Miaka ya karibuni, roboti zinazokusanya data za kufunzia akili unde zimezilemea seva za miradi kiasi kwamba GNOME ililazimika kuweka kizuizi kinachompima kila mgeni kabla ya kumfungulia ukurasa. Kwa hiyo mchangiaji mpya, ambaye tayari alikuwa na safari ndefu, ameongezewa kituo kingine njiani.

Ipo njia ya tatu ambayo nadhani haijapewa heshima inayostahili. Richard Hipp, mwandishi wa programu ya hifadhidata ya SQLite, alitengeneza mfumo wa Fossil, na SQLite inatunzwa humo tangu 2009. Fossil huweka msimbo, ripoti za hitilafu na kurasa za maelezo katika faili moja, na anayenakili hazina anapata vyote. Kisa kama cha xz kikitokea humo, ushahidi uko kwa kila mwenye nakala. Ila niseme ukweli wote: SQLite kwa kawaida haipokei msimbo wa watu wa nje. Haitegemei mgeni wa mstari mmoja, kwa hiyo haijalipa gharama ambayo Python iliikwepa. Kuitolea mfano kwa mradi unaohitaji mikono mipya kila mwezi ni kulinganisha vitu visivyolingana.

Mimi naegemea wapi? Mradi wenye watu wengi na angalau fedha kidogo ujitunzie, kwa sababu unaweza. Mradi wa mtu mmoja au wawili ubaki jukwaani, na nakala ya hazina iwekwe kwingine kila siku, jambo ambalo Git hulifanya kwa amri moja. Lakini nakala hiyo haichukui mazungumzo, na hapo ndipo nimeumia.

Niliwahi kusaidia kutunza maktaba ndogo ya programu iliyokuwa kwenye jukwaa ambalo siku moja lilifungwa. Tuliondoka na hazina yote, hakuna komiti iliyopotea, tukajipongeza. Miezi michache baadaye nilitaka kufuta masharti fulani ya ajabu katikati ya msimbo. Nikaitafuta komiti iliyoyaleta. Maelezo yake yalikuwa maneno mawili: "rekebisha #87". Namba 87 ilikuwa mjadala kwenye jukwaa lililokwishakufa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, ila kurasa zake zilikuwa zinaelekeza kwenye daftari jingine lililochomwa. Niliyafuta masharti yale, na wiki iliyofuata mtumiaji mmoja akaandika kwamba faili zake hazifunguki tena.

Tangu hapo sipitishi badiliko lenye maelezo ya namna hiyo, mradi uwe umekaa wapi. Ninamrudia aliyelituma na kumwomba aandike ndani ya komiti yenyewe: tatizo lilikuwa nini, lilionekana vipi, njia gani nyingine zilifikiriwa na kwa nini zikaachwa. Watunzaji wa Linux wamedai hivyo kwa miaka mingi, na ndiyo maana mtu anaweza kusoma komiti yao ya mwaka 2008 leo akaielewa bila kufungua ukurasa wowote. Namba ya mjadala inaweza kubaki mstari wa mwisho, kwa atakayetaka kwenda kuusoma ukiwa bado upo.