Bei Wanaijua, Ila Wewe Ndiye Hawakwambii

Glavu, maboksi manne. Boksi moja lina glavu 100, kwa hiyo ni glavu 400, na zote zilivaliwa kwa ajili ya tumbo la mwanamume mmoja wa kilo sitini aliyeingia kutolewa kidole tumbo. Hivyo ndivyo bili ya shemeji yangu ilivyosema, kwenye hospitali moja ya kibinafsi hapa Nairobi ambayo sakafu yake inang'aa kuliko sahani zangu.

Nilienda nayo kaunta. "Dada, hizi glavu zote alivaa nani?"

Karatasi hakuitazama, alitazama kompyuta. "Ni sistimu inaweka, boss. Mgonjwa akilazwa zinaingia tu."

Nikamwambia basi hiyo sistimu izitoe. Akaingia chumba cha nyuma kwa msimamizi wake, akarudi, maboksi matatu yakawa yamefutwa, pamoja na ada ya daktari kumpitia mgonjwa siku ambayo shemeji alikuwa ameshavaa viatu anangoja gari. Hakuna aliyeomba radhi. Hakuna aliyebisha pia, na hilo ndilo lililonipandisha presha. Mtu akikufutia maelfu ya pesa bila hata kubishana, alijua tangu mwanzo kwamba hazikuwa haki yake. Je, wangapi wamelipa wakaenda zao kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kusoma kurasa zote zile huku mgonjwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu anataka kwenda nyumbani?

Lakini glavu ni mambo madogo. Ninachotaka kusema ni hiki: hospitali zetu zinajua bei. Zinaijua kabla hujalala kitandani, na zinaamua usiambiwe.

Siku shemeji alipolazwa, dada yangu aliuliza upasuaji utagharimu pesa ngapi. Akajibiwa kwa upole kwamba haiwezekani kusema mpaka daktari afungue aone hali ya ndani. Jibu la busara kabisa. Ukilisikia unaona hata aibu kuuliza tena, unaonekana mtu anayehesabu senti wakati mumewe anajikunja kwa maumivu. Basi dada yangu akanyamaza.

Jioni hiyo hiyo barua pepe ikaingia kwenye simu ya shemeji kutoka kampuni ya bima ya kazini kwao. Ilikuwa nakala ya ombi la idhini ambalo hospitali ilikuwa imelituma. Na humo ndani kila kitu kilikuwa kimeandikwa kimoja kimoja: chumba cha upasuaji, daktari mpasuaji, daktari wa nusukaputi, kitanda, dawa, jumla chini. Saa ya kutumwa ilikuwa kabla dada yangu hajauliza! Makisio yalikuwepo tayari, yameshatoka, yamefika kwa mtu aliyekaa ofisini huko Upper Hill ambaye hajawahi kumwona shemeji. Aliyenyimwa ni mke wa mgonjwa aliyesimama mbele yao.

Kila mtu mwenye bima Nairobi anajua kwamba upasuaji wa kupangwa haufanyiki mpaka bima itoe idhini, na bima haitoi idhini bila makisio. Kwa hiyo hadithi ya "mpaka tufungue tuone" ni ya kuwapa wanafamilia. Kwa bima, tumbo huwa limeshafunguliwa kwenye karatasi. Na ukija bila bima, wanajua vilevile, maana diposti wanaitaja kwa sekunde moja. Nambari ya diposti haijawahi kungoja daktari afungue chochote.

Halafu kuna lile swali la mapokezi, ambalo hutangulia hata lile la unaumwa wapi: "Unalipa keshi ama bima?" Nimelisikia mara nyingi mpaka nilikuwa nimeacha kujiuliza kwa nini wanataka kujua. Vipimo ni vilevile, mashine ni ileile, damu inatoka kwenye mkono uleule, ila bei inasubiri jibu lako. Piga simu hospitali yoyote kubwa uulize skani ya kichwa ni pesa ngapi, uone utakavyoambiwa uje kwanza daktari akuone. Ukisisitiza sana, utaulizwa lile swali.

Watetezi wao watasema tiba si biashara ya kukadiria, mwili una mambo yake. Sawa. Lakini fundi wa magari kule Grogan akifungua gia boksi akakuta meno yameisha, anakupigia simu: boss, tulisema hivi, sasa imekuwa hivi, niendelee? Na huyo ni fundi mwenye mikono ya grisi, ofisi yake ni kivuli cha lori. Hospitali yenye idara nzima ya huduma kwa wateja haiwezi kupiga simu hiyo? Simu wanayoiweza ni ile ya asubuhi ya kukukumbusha uongeze diposti.

Tena wakitaka, wanatangaza. Nani hajaona mabango ya hospitali za kujifungulia kando ya barabara zetu, kujifungua kawaida bei hii, upasuaji bei hii, tarakimu kubwa nyekundu na picha ya mtoto anayecheka? Kujifungua, jambo linaloweza kugeuka ndani ya dakika tano, lina bei ya kubandikwa ukutani. Ila kidole tumbo, hernia na tonsili ni siri ya serikali. (Hayo mabango nayo yana mambo yao. Uliza kama daktari wa watoto yumo kwenye ile bei.)

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hospitali nazo zinaumizwa. NHIF, bima ya afya ya serikali, ilikufa ikiacha madeni ya mabilioni, na SHA iliyochukua nafasi yake Oktoba 2024 imelalamikiwa na hospitali za kibinafsi kwamba inachelewesha malipo. Jenereta inakunywa dizeli, dawa zinaagizwa kwa dola. Yote ni kweli. Lakini deni la serikali halilipwi kwa kumwandikia mgonjwa glavu 400, na gharama kuwa juu ni jambo moja, kuificha ni jingine.

SHA yenyewe angalau viwango vyake vilichapishwa: kujifungua kawaida 10,000, upasuaji 30,000. Tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi na tunajua italipa kiasi gani. Kitu tusichokijua ni cha kujazia hospitali ya kibinafsi ikishapokea hizo. Hicho utakijua siku ya kuruhusiwa.

Na tukishindwa kujazia, tunajua kinachofuata. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, wajomba wanaongezwa bila kuulizwa, namba ya kutuma mchango inabandikwa juu. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya kujifungulia ya Pumwani, kwamba kumfungia mtu hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba. Leo bado kuna familia zinachanga ili mtu wao atoke wadini.

Kinachonikasirisha ni kwamba hatuhitaji hata sheria mpya. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inasema mgonjwa aelezwe njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake. Gharama zimetajwa humo humo, sentensi moja na hatari. Kuhusu hatari wanakuletea fomu utie sahihi hata ukiwa unatetemeka. Kuhusu gharama, fomu hiyo haijawahi kuchapishwa. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinampa kila mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji. Kanuni za ada za madaktari zipo tangu 2016. Lita ya petroli tunatangaziwa na EPRA, mamlaka ya nishati, bei yake tarehe 14 kila mwezi, nchi nzima inakesha kungoja. Kumbe kutangaza bei tunaweza.

Baraza la madaktari, KMPDC, ndilo linalozipa hospitali leseni, na leseni hiyo huhuishwa kila mwaka. Liongeze swali moja kwenye fomu: orodha ya bei imebandikwa wapi, na mgonjwa alipewa makisio siku gani? Hospitali isiyo na jibu, leseni yake ikae pale kwenye benchi la mapokezi mpaka diposti itimie.