Theluthi mbili zilivyoimaliza ripoti ya shemeji

Swali lenyewe lilikuwa la mstari mmoja: tafuta thamani ya 6/x + 2x, ikiwa x = 2/3. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alishalimaliza hata sijavuta kiti. "Mjomba, wewe nihakikishie tu," akasema. Jibu lake lilikuwa pale chini, limepigiwa mistari miwili kwa rula kabisa: 3⅔.

Nilivyopiga kichwani nilipata 10⅓. Tofauti hiyo si ya kuteleza kalamu.

Tukaanza na 2x. Yeye alikuwa ameichomoa x na kuichomeka 2/3 palepale ubavuni mwa 2, pakazaliwa 2⅔. Nikamuuliza, je, x ingekuwa 5, 2x ingekuwa 52? Akacheka. "Aa, hapo unazidisha, ni 10." Na hapa? Kimya. Akafuta, akaandika 4/3, yaani 1⅓. Hilo likaisha bila ugomvi.

Ugomvi ulikuwa kwenye 6 kugawanya kwa theluthi mbili. Binti alichukua simu, akabonyeza 6/2/3, akanigeuzia kioo: 1. Dada yangu akajaribu kwenye simu yake: 1. Shemeji, ambaye hakuna aliyemuuliza, akatoa ya kwake: 1.

"Simu tatu kwa mtu mmoja," akasema. "Shemeji, kubali yaishe."

Nikaeleza kwamba kikokotoo cha simu hakijui kuwa 2/3 ni namba moja. Kinaona alama ya kugawanya mara mbili, basi kinatembea kutoka kushoto: 6 kwa 2 ni 3, 3 kwa 3 ni 1. Anayebonyeza ndiye anayepaswa kuifungia ile sehemu kwenye mabano, 6/(2/3), ndipo ipatikane 9. Kiasi, ile namba ya juu, na asili, ile ya chini, ni kama mtu na mkewe waliokata tiketi moja, huwezi kumpandisha mmoja ukamwacha mwenzake kituoni.

"Magazijuto!" Shemeji akanikatiza, kwa sauti ya hakimu anayefunga kesi. Ndiyo ile kanuni ya mpangilio wa hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa.

"Magazijuto hiyohiyo inaanza na mabano."

"Swali halina mabano."

Kweli halina. Kwenye daftari 6 imekaa juu na x chini, na ule mstari wa katikati ndio unaofanya kazi ya mabano: chochote kitakachoingia mahali pa x kinabaki chini kizimakizima. Lakini nani alikuwa ananisikiliza? Shemeji alishahamia kwenye hoja nyingine, na hii naiheshimu maana watu wazima wengi wanayo: "Tangu lini ukigawanya unapata kingi kuliko ulichoanza nacho? 6 igawanywe, izae 9?"

Ningeweza kumwambia pindua sehemu, zidisha, 6 mara 3/2, kwisha. Ila mtu akishakataa jibu, kanuni haimsaidii kitu. Nikamwambia mpwa, niletee karatasi sita na mkasi.

Akaja nazo mbio, safi, nyeupe, zimelala kifudifudi. Nikakunja ya kwanza katika sehemu tatu sawa, nikakata kwenye mikunjo. Ya pili, ya tatu, mpaka sita zote. Vipande 18. "Sasa panga mafungu ya theluthi mbilimbili," nikamwambia binti, "tuone yatatoka mangapi." Akayapanga mezani huku akihesabu kwa sauti. Saba. Nane. Tisa. Dada akapiga makofi. Mimi nikamgeukia Shemeji nimekunja mikono, nasubiri heshima yangu.

Shemeji hakuwa ananitazama. Alikuwa ameshika theluthi moja, ameigeuza upande wa pili, na ilikuwa na maandishi. Na nusu ya mhuri.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Kwenye bahasha yako, Baba. Nilidhani hazina kitu."

Ilikuwa ripoti yake ya kazini, kurasa sita, imechapwa upande mmoja, imeshasainiwa na wakubwa watatu. Ya kupelekwa kesho yake asubuhi.

Usiku ule hesabu zilisimama, tukashika gundi ya karatasi. Kurasa hazikuwa na namba. Jedwali lilikuwa limekatwa katikati ya safu, na saini moja ilibaki mkia tu, kichwa chake kikitafutwa chini ya meza. Shemeji alikuwa anapumua kwa pua. Dada aliingia chumbani kucheka, tukawa tunamsikia.

Binti akajitahidi kuliko wote. Alimaliza ukurasa wake wa kwanza, akampa baba yake kwa mikono miwili. Shemeji akasoma juu: "Yah: Matengenezo ya paa." Akashuka chini, akakuta orodha ya waliohudhuria kikao.

"Hii siyo karatasi moja!"

"Ni moja, Baba," akasema binti. "Theluthi moja jumlisha theluthi mbili. Hata kwa simu inakubali, nimeweka mabano."