Wapiga mbizi ziwani na wale wanaobaki ufukweni

Kati ya Mei 2021 na Mei 2022, wapiga mbizi wa shirika la Clean Up The Lake, wakishirikiana na watu wa kujitolea, walilizunguka Ziwa Tahoe, lililo mpakani mwa majimbo ya California na Nevada nchini Marekani, wakasafisha kandokando ya ufuo wake wote wa maili 72 hadi kina cha futi 25. Walitoa takataka zenye uzito wa ratili 25,281, yaani zaidi ya tani 11. Mkazi wa Mwanza, Musoma au Kisumu anayesikia habari hiyo hakosi kujiuliza kwa nini Ziwa Victoria nalo lisifanyiwe vivyo hivyo.

Wanaounga mkono wazo hilo wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya nyavu. Wavu uliokatika na kunasa kwenye miamba huendelea kuvua bila mwenyewe: samaki huingia, hufia humo, huoza, na mzoga wake huwavuta wengine. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, haziozi kama zilivyooza za pamba zamani. Ukiuvuta wavu wa namna hiyo kwa kamba kutoka mtumbwini, unaupasua na kuacha nusu yake chini. Unahitaji mtu mwenye kisu, anayeutegua kwenye jiwe moja baada ya jingine. Kazi hiyo haifanywi na mtu aliyesimama mchangani, hata awe na moyo kiasi gani.

Hata hivyo, Tahoe ni ziwa linalosifika kwa maji maangavu. Katika Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyo upande wa Kenya, maji mara nyingi huwa ya kijani kwa mwani, na magugu maji hutanda juu yake. Mpiga mbizi asiyeona mbele hukusanya kwa kupapasa, na wavu aliokuja kuutoa unaweza kumnasa yeye mwenyewe. Ongeza gharama ya mafunzo, mitungi ya hewa na boti ya kumsubiri, ndipo utaelewa kwa nini wataalamu hao ni wachache kwetu.

Linalosahaulika zaidi ni hatari inayowakabili wale wanaobaki ufukweni, tunaodhani wana kazi nyepesi. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kisha hupenya ngozi ya mtu, na hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, takriban saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Sasa tazama ratiba ya usafi wa kawaida: wageni rasmi hufika saa tatu, hotuba humalizika saa nne, na hapo ndipo vijana huingia majini peku, maji magotini, kung’oa magugu na kuokota chupa. Mpiga mbizi aliyevaa suti na kushukia mbali na majani huenda yuko salama kuliko wao kwa ugonjwa huu. Buti ndefu za mpira, glavu na kuanza alfajiri havimalizi hatari, lakini vinaipunguza, na baadaye watu wapelekwe kupimwa, kwa sababu dawa ya prazikwanteli ipo.

Wapinzani wa usafi wa kujitolea husema kwamba huwapa halmashauri na viwanda kisingizio cha kutofanya wajibu wao. Nakubali nusu. Ni kweli kwamba marufuku ya mifuko ya plastiki, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, ililenga chanzo, jambo ambalo hakuna kundi la waokotaji linaloweza kulifanya. Lakini anayetaka kuibana halmashauri anahitaji ushahidi, na ushahidi huo hupatikana ufukweni. Tahoe hawakupima uzito tu. Walihesabu vitu 24,797, kimoja kimoja. Kwetu, katika usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, viroba vingi hupakiwa kwenye lori vikiwa vimefungwa, na hakuna ajuaye kama vilijaa chupa za soda, vipande vya nyavu au nepi za watoto, ingawa kila kimoja kati ya hivyo kina mtu tofauti wa kuulizwa.

Kwa hiyo ningeajiri wapiga mbizi wawili waliobobea, niwapeleke tu pale ambapo wavuvi wameonyesha wavu ulionasa, na fedha iliyobaki ninunulie buti na mizani. Wa kujitolea ningewaweka mlangoni mwa Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji la Mwanza kabla ya kuingia ziwani, wakiwa nchi kavu, turubai limetandikwa, mmoja akifungua viroba na mwenzake akiandika.