CPU Iliyopanda Bajaji

Kwetu Temeke ukisema CPU, hata mtoto wa darasa la tatu atakuonyesha lile boksi jeusi linalokaa chini ya meza, lenye kitambaa cha kufuma juu na ua la plastiki juu ya kitambaa. Mimi nina diploma ya uhasibu, kompyuta nimeanza kuitumia kabla sijaoa, na hivyo ndivyo nilivyojua siku zote: skrini ni skrini, kibodi ni kibodi, boksi ni CPU. Naomba hilo litangulie kabla hamjaanza kunicheka.

Mama Naima, mke wangu, ana steshenari karibu na shule. Anatoa kopi, anachapa barua za kuomba kazi, anapiga picha za pasipoti. Kompyuta yake ni Dell OptiPlex 790 yenye i3 ya mwaka 2011, na kwa barua haina tabu. Shida ni Photoshop, ile programu ya kutengeneza picha. Ukiibonyeza unaweza kwenda kununua vitumbua, ukagombana na muuzaji kwa ajili ya chenji, mkapatana, ukarudi ukaikuta bado inajifungua. Wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa jirani.

Jioni moja nikaona tangazo kwenye simu: "CPU CORE i7 USED, OFA! 85,000 badala ya 140,000." Picha ilikuwa nembo ya Intel tu, na sikuona haja ya picha nyingine, kwani boksi la kompyuta nani hajaliona? Boksi zima la i7, yenye nguvu kuliko i3 yetu, kwa elfu 85! Nikatuma elfu 30 ya kushikilia hata ugali sijamaliza, asije mwingine akaniwahi.

Asubuhi nikamchukua Side wa bajaji, tukapatana elfu 12 kwenda na kurudi Kariakoo. Nikabeba shuka la kuliviringishia na kamba ya manila mita nne. Side akaongeza mpira wa tubu wa kwake, akisema kompyuta ni kama friji, ikilala vibaya imekufa.

Dukani palijaa watu. Nikajipenyeza hadi kaunta, Side nyuma yangu, shuka begani na kamba mkononi.

"Nimefuata CPU yangu ya i7."

"Ipo, bosi." Akavuta droo.

Hapo kwenye droo ndipo ningeshtuka. Nikadhani anatafuta funguo za stoo. Akatoa kikasha cha plastiki angavu, akakifungua kwa kidole gumba, akaniwekea mbele kitu cha mraba kisichofika hata sentimita nne, kinang'aa juu kama mgongo wa kijiko, kimeandikwa i7-4770, 3.40GHZ.

Nikacheka. Naye akacheka. Tukacheka wote, kila mtu na lake.

"Baba Naima," Side akaninong'oneza, "sasa tunabeba ipi?"

Ningeweza kusema kweli pale pale. Ningesema, kaka, mimi nilidhani ni boksi, yangeisha. Lakini nyuma yangu kulikuwa na vijana wanne wanasubiri huduma, na elfu 30 yangu ilishalala kwao. Nikakohoa. Nikakiokota kile kidude, nikakigeuza juani kama sonara, nikauliza swali la mtu aliyesoma: "Haichemki sana hii?"

"Ukiwa na feni nzuri, hapana. Bodi yako inachukua soketi gani?"

"Ya kawaida tu."

"Ya kawaida ipi?"

"Ya pini tatu," nikasema. "Ila tunatumia ekstensheni."

Yule kijana alinitazama muda mrefu. Mmoja wa wale wanne alitoka nje ghafla, nikasikia anakohoa huko barazani, na si kikohozi. "Sawa, bosi," muuzaji akasema, akapokea elfu 55 zilizobaki. Simlaumu hata chembe. Mtu aliuliza, akajibiwa.

Safari ya kurudi nilikaa kiti cha nyuma, mimi na CPU yangu, na nafasi ya watu wawili katikati yetu. Side alikuwa ananichungulia kwenye kioo. Kila tuta akipunguza mwendo kupita kiasi. Tulipofika nikamuuliza kama hawezi kushusha nauli kidogo, maana mzigo wenyewe kauona. "Shuka lako ndilo limenijazia bajaji," akasema, akapokea elfu 12.

Nyumbani Mama Naima alishafagia chini ya meza, akapiga deki, akatandika kitambaa kipya. Akachungulia ndani ya bajaji, akainama akatazama hadi chini ya kiti.

"Iko wapi?"

Nikafungua kiganja.

"Hii ni nini?"

"CPU."

"Na ile pale?"

"CPU vilevile."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo ile kubwa ndiyo mama yake?"

Usiku ule nikatazama video mbili nikawa fundi. Nikafungua boksi. Vumbi lilikuwa la kutosha kupanda mchicha, na mende mmoja alitoka bila haraka, kama mpangaji aliyepewa notisi. Nikalegeza skrubu nne za feni, nikakuta dawa ya kupozea imekauka mithili ya ukoko wa ugali. Chini yake ndiyo i3 yetu, kidude cha mraba kama i7 yangu: kumbe hiki ndicho CPU yenyewe, prosesa, ubongo wa kompyuta, na boksi ni nyumba yake tu. Nikanyanyua kile kijichuma cha pembeni, nikaitoa, na pale ilipokuwa imekaa nikaona vijipini vya dhahabu, vyembamba kuliko nywele, mamia kwa mamia, vyote vimelala upande mmoja kama majani ya mpunga kwenye upepo.

Nikaweka i7. Haikukaa. Nikaizungusha robo, haikukaa. Nikajaribu pande zote nne kama mtu anayetafuta kifuniko cha hotpoti usiku umeme umekatika. Pembezoni ina mapengo mawili madogo, na kitako nacho kina meno mawili ya kuingia humo, ila pengo lilikuwa huku na jino kule. Video ilisema inaingia yenyewe, hailazimishwi. Mimi sikulazimisha. Niliisaidia kidogo kwa gumba, nikakandamiza na kile kijichuma.

Kriiik.

Ni sauti ndogo. Mama Naima aliisikia akiwa jikoni.

Nikarudisha i3 mahali pake haraka, nikawasha. Taa ya chungwa ikapepesa, feni ikazunguka, skrini nyeusi tii. Sasa tulikuwa na CPU tatu kwa hesabu ya nyumba yetu, ndogo mbili na kubwa moja, na hakuna hata moja ya kuchapia barua.

Kesho yake nikaita binti mmoja wa mtaani aliyesomea ufundi VETA. Akavaa tochi kichwani, akainama na kioo cha kukuzia na sindano ya cherehani. Hakunigombeza. Alitoa tu ule mguno wa mganga aliyeletewa mgonjwa siku ya tatu.

"Baba Naima, hii i3 yenu ni 2120, kizazi cha pili, soketi yake, yaani kitako inapokaa, ina pini 1,155. Hiyo uliyonunua ni kizazi cha nne, inataka 1,150."

"Tofauti tano tu?"

"Tano tu."

"Na hizo tano haziwezi kukaa bila kazi?"

Akanitazama kama nimemwambia kiatu cha kushoto kivaliwe kulia kwa kuwa vidole ni vitano vilevile. "Kwani dukani hawakukuuliza soketi?"

Nikamwambia waliniuliza. Hakuuliza nilijibu nini, nami sikumchosha.

Alinyoosha pini kwa sindano moja moja hadi adhuhuri, lakini moja ilikuwa imekatika kabisa. Dawa, akasema, ni kutafuta boksi la OptiPlex 9020 lililouzwa bila prosesa. RAM zetu za DDR3, yaani vibao vya kumbukumbu, zingehamia, diski ingehamia, na i7 ingepata kwake. Nikalipata Kariakoo kwa elfu 110. Ukijumlisha na elfu 20 ya fundi na nauli za Side, nilikuwa nimevuka elfu 230, na kwenye duka hilohilo, mlangoni kabisa, ilikaa mashine nzima ya i7 imeandikwa 220,000 kwa kalamu nyekundu. Mhasibu mimi.

Kwa kuwa fundi alikuja dukani na vifaa vyake, i7 ilifungwa palepale, ikapakwa dawa mpya, ikawashwa, ikawaka. Nikampigia Side.

Akaja na kamba, shuka na ule mpira wa tubu. Akalizunguka boksi, akalitazama juu na chini.

"Na ile ndogo mmeitupa?"

"Hapana. Iko humo ndani."

Side akalinyanyua taratibu kwa mikono miwili, akaliketisha kwenye kiti cha nyuma, akalifunika shuka hadi juu.

"Basi matuta nitayapita polepole," akasema. "Lakini nauli ni ya wawili."